Hofu ya Usiku Isiachiwe Uvumi

Yako maradhi ambayo mgonjwa huyaonea haya zaidi kuliko yanavyomuumiza. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, anayesimama mchana mbele ya watu akasema na kusikilizwa, huzinduka usiku wa manane moyo ukimpiga kama ngoma, jasho likimtiririka, pumzi zikimwenda mbio na vidole vikimfa ganzi, naye ana yakini kwamba saa yake imefika. Baada ya robo saa au nusu saa hali hiyo huondoka kama ilivyokuja. Kukicha hamwambii mtu. Akimwambia jirani, huambiwa amerogwa. Akimwambia rafiki, huchekwa. Akienda kutafuta matibabu, aghalabu hupewa dawa ya malaria bila ya kupimwa damu. Usiku wa pili huogopa hata kukiona kitanda.

Leo tumeazimia kulisema jambo hili hadharani, kwa sababu mbili. Kwanza, sisi wenyewe limetufika. Pili, visiwa vyetu vimekwisha kuona jinsi hofu ya usiku inayonyamaziwa inavyogeuka uvumi, na uvumi unavyogeuka damu. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Hatupendi kungoja kilio.

Tulikuwa Masasi, mkoani Mtwara, kwa shughuli za Chama. Masasi si pageni kwa mtu wa Unguja. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka kisiwani kwetu na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakaenda kukaa chini ya majabali yale makubwa, na hivyo ndivyo ilivyoanza misheni ya Masasi. Mwaka 1882 watu hao waliokwisha kutekwa mara moja katika maisha yao walivamiwa na Wangoni, wakateketezewa makazi yao, wengine wakauawa na wengine wakatekwa upya. Nao ndugu zetu Wamakonde, kutoka nyanda za juu za Newala na kutoka ng'ambo ya Ruvuma, wamevuka bahari kwa miaka mingi kuja kufanya kazi na kukaa nasi visiwani. Kwa hiyo lililotupata huko tunaliona kuwa ni la nyumbani.

Siku hiyo tulikuwa tumefanya kazi tangu alfajiri. Jioni tulikunywa kahawa chungu vikombe vitatu, tukalala tumechoka. Haikupita hata saa moja na nusu ila tulizinduka ghafla. Hatukuwa tumeota ndoto yoyote. Kifua kilibana, moyo ulienda mbio, na chumba kilikuwa kama hakina hewa. Mwenzetu tuliyefuatana naye hakufanya mzaha wala hakuleta maneno ya wachawi. Alitafuta gari akatufikisha katika hospitali ya Mkomaindo, ambayo ndiyo hospitali ya mji ule.

Muuguzi wa zamu alikuwa mama wa makamo, mtu wa Newala. Hakuharakisha maneno. Alipima mapigo ya moyo, shindikizo la damu na joto la mwili, akasikiliza kifua, akatoa tone la damu kwa ajili ya malaria na jingine kwa ajili ya sukari. Aliuliza kama tuna pumu, kama kuna aliyekufa kwa moyo katika ukoo wetu, kama tunakoroma, tumekula nini na tumekunywa nini. Daktari aliyeitwa aliyatazama yote hayo akaridhika. Ndipo yule mama akavuta kiti, akakaa, akasema, "Baba, mwili wako umepiga kengele, lakini simba hayupo. Sasa pumua pamoja nami, pole pole." Alihesabu kwa sauti ya chini, akituongoza kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita. Kabla ya dakika kumi na tano tulikuwa tumetulia.

Neno lile la simba kwa watu wa kusini si mfano wa hadithini. Uchunguzi wa wataalamu uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu watu wasiopungua 563 waliouawa na simba nchini Tanzania tangu mwaka 1990, na wilaya zilizoathirika sana zilikuwa za kusini mashariki. Wengi walishikwa wakati wa mavuno, walipolala shambani katika vibanda dhaifu ili kulinda mazao yasiliwe na nguruwe mwitu. Mtu anayelala mahali kama hapo anahitaji mwili unaoweza kumwamsha kwa nukta moja, moyo ukisukuma damu kwenye miguu na mapafu yakijaza hewa, apate kukimbia au kupigana. Kengele hiyo Mwenyezi Mungu ametupa sote. Huamrishwa na ubongo, nazo tezi zilizo juu ya mafigo humwaga katika damu maji yaitwayo adrenalini. Kengele hiyo ndiyo iliyowahifadhi wazee wetu.

Maradhi huanza pale kengele inapolia bila ya simba. Anayeamshwa nayo hutafuta sababu, na kwa kuwa haoni kitu chumbani, hugeuka kuutazama mwili wake. Husikia moyo unavyopiga, akasema moyo unapasuka. Wazo hilo humzidishia hofu, hofu humzidishia mapigo, na mapigo humthibitishia wazo lake. Mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, alilieleza duara hilo mwaka 1986, na maelezo yake yamekuwa msingi wa tiba inayotumika sasa katika nchi nyingi. Tena mwenye hofu hutweta, na kutweta kwingi huipunguza mno hewa ya kaboni katika damu. Hilo ndilo linaloleta ganzi ya vidole na midomo, na kizunguzungu. Mgonjwa hudhani amekosa hewa, na kumbe amevuta kupita kiasi.

Hali hii si ya watu wachache. Miongoni mwa wenye maradhi ya hofu za ghafla, takriban nusu au zaidi wamewahi kuzindushwa nayo usingizini, aghalabu katika saa tatu za mwanzo tangu kulala, na bila ya ndoto. Huongezeka pale mtu anapokuwa na huzuni, madeni, msiba au uchovu, au anapokumbuka mambo mazito. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mwili una kumbukumbu zake. Wako wazee wa Kimakonde waliokimbia ng'ambo ya Ruvuma baada ya askari wa Kireno kuwapiga watu risasi huko Mueda tarehe 16 Juni, 1960, na wengine wengi waliovuka katika vita vya ukombozi vya mwaka 1964 hadi 1974. Mwezi wa Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, katika mkoa huo huo wa Mtwara, kilishambuliwa na wapiganaji waliotoka Msumbiji. Mtu aliyepita katika usiku wa namna hiyo asilaumiwe ikiwa mwili wake umejifunza kulala jicho moja wazi.

Hapa inafaa tutenganishe mambo ambayo watu huyachanganya. Hofu ya ghafla tuliyoieleza humwamsha mtu kabisa, akaweza kuinuka, kutembea na kusema. Jinamizi ni jambo jingine. Katika usingizi wa ndoto mwili huzuiwa usijongee ili mtu asitende anayoyaota. Mara nyingine akili huamka kabla ya kizuizi hicho kuondoka. Mtu hufungua macho, hawezi kuinua mkono wala kupiga kelele, husikia uzito kifuani, na kwa kuwa ndoto haijamtoka, huona au huhisi kwamba kuna kiumbe chumbani. Humpata zaidi aliyelala chali, aliyechoka au aliyekosa usingizi. Takriban watu 8 katika kila 100 limewahi kuwakaba angalau mara moja katika maisha yao. Wajapani wana jina lao kwa hali hiyo, kanashibari, na wavuvi wa kisiwa cha Newfoundland huko Kanada husema wamekaliwa na bibi kizee. Kila taifa limempa mgeni huyo sura ya kwao, lakini mwili wa binadamu ni mmoja. Tena iko ile ya watoto wadogo, wanaokaa kitandani wakipiga mayowe macho wazi na kisha wasikumbuke kitu asubuhi. Aghalabu huisha yenyewe wanapokua.

Sasa tuje kwetu. Wasomaji wetu waliokuwa na akili zao mwaka 1995 hawana haja ya kusimuliwa. Mwanzoni mwa mwaka ule zilizuka habari Pemba kwamba kiumbe kiitwacho Popobawa kinawaingilia watu usiku vitandani. Habari zikavuka hadi Unguja, zikafika mpaka Dar es Salaam. Haikuwa mara ya kwanza, kwani Pemba ilikwisha kufadhaishwa vivyo hivyo mwaka 1965. Wala haikuwa ya mwisho. Watu wazima waliziacha nyumba zao wakalala nje kwa makundi, wakiuzunguka moto. Uvumi wenyewe ulikuja na sharti lake, kwamba aliyetokewa ni lazima awasimulie wenzake, la sivyo atarudiwa. Basi kila aliyesikia alilala akisubiri, na anayelala akisubiri hulala vibaya, na anayelala vibaya ndiye anayekabwa. Kwa kuwa mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu kurejeshwa kwa mfumo huo, siasa nayo ikachanganywa humo.

Hatusemi kwamba waliosimulia walikuwa waongo. Walizinduka, walishindwa kujongea, walisikia uzito kifuani na walihisi kuwa hawako peke yao. Hayo ndiyo maelezo ya jinamizi, neno kwa neno, na hofu kuu iliyofuata ilikuwa hofu ya kweli. Lililokosekana ni mtu wa kuwaeleza mapema, kwa lugha yao na kwa heshima yao, ni kitu gani kilichowapata. Ukimya huo una deni. Mjini Unguja kundi la watu lilimwua mtu mwenye maradhi ya akili, aliyekuja kutafuta matibabu, kwa kumdhania kuwa ndiye Popobawa. Alikuja kwetu mgonjwa, akarudishwa kwao maiti. Tunalitaja jambo hili kwa uchungu, kwa sababu aliuawa na watu wa kawaida, majirani wema, waliokuwa wamekaa macho siku nyingi na ambao hawakuambiwa neno lolote la maana.

Je, afanye nini aliyefikwa? Tutaeleza kama tulivyofundishwa Mkomaindo na kama tulivyofafanuliwa baadaye na madaktari.

Kwanza, akae kitako, aweke miguu sakafuni, awashe taa. Ajiambie kwamba hii ni kengele, itafika kileleni kwa muda wa dakika kumi hivi, kisha itashuka. Asishindane nayo wala asitoke mbio. Pili, apunguze pumzi. Avute kwa pua bila ya kujaza kifua, aitoe taratibu kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta. Asijifunike uso kwa mfuko, kwani kama maradhi yenyewe ni pumu au moyo atajidhuru. Tatu, aiambatishe akili na vitu vilivyo mbele yake: ukuta, mlango, sauti ya mbu, ubaridi wa sakafu. Mwenye wirdi wake na asome. Sisi tuliolelewa chuoni tunajua jinsi Ayatul-Kursiyyu inavyotuliza moyo ikisomwa kwa kituo, na hatuoni ugomvi wowote baina ya kisomo na matibabu. Nne, akishatulia arudi kitandani mwake. Anayehamia sebuleni, au anayekesha kwa kuogopa kulala, huifundisha hofu kwamba kitanda ndiye simba.

Mchana nao una kazi yake. Kahawa na chai ya rangi visinywewe baada ya alasiri. Sigara na mirungi huchochea moyo. Pombe humlaza mtu upesi ikamwamsha vibaya. Saa ya kulala na ya kuamka iwe ile ile kila siku. Tena mtu amwambie mwenzake lililomfika, kwani siri ndiyo mbolea ya maradhi haya.

Wale wa nyumbani nao wasipige kelele, wasimzunguke watu kumi, wala wasimwambie kwamba hana kitu. Amshike mkono mmoja wao, ahesabu naye.

Lakini tahadhari. Si kila mapigo ya moyo ya usiku ni hofu. Anayezinduliwa hivyo kwa mara ya kwanza ni lazima apimwe, hasa mwenye umri uliopita miaka 40, mwenye shindikizo la damu, mwenye sukari au mja mzito. Maumivu ya kifua yanayokwenda begani, mkononi au tayani, kuzimia, homa, kukohoa na kukorota kifua, au pumzi zisizotulia, hayo hayangojwi asubuhi. Pumu, moyo, kushuka kwa sukari, maradhi ya tezi ya shingo, na ule ukoromaji unaokata pumzi usingizini, vyote vinaweza kuvaa nguo ya hofu. Ndiyo maana yule mama alipima kwanza akasema baadaye.

Hofu ikirudi mara kwa mara, tiba yake ipo. Iko ya mazungumzo na mazoezi, ambayo humfundisha mgonjwa kuzizoea dalili za mwili wake bila ya kuzifasiri kuwa ni mauti. Ziko na dawa, kama vile fluoksetini, zinazotumika kwa maagizo ya daktari na ambazo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu zake. Diazepamu, ambayo wengi huinunua dukani wenyewe, hutuliza haraka lakini humfanya mtu mtumwa wake, na haifai kugeuzwa chakula cha kila usiku.

Yanayobaki ni ya viongozi, na hapa tunasema bila ya kuficha. Nchi yetu ina hospitali ya Mirembe, Dodoma, tangu mwaka 1927, na Unguja tuna Kidongo Chekundu. Majina hayo yamebebeshwa aibu nyingi hata mtu mwenye hofu ya usiku huona bora afe kuliko aonekane mlangoni hapo. Dawa ya aibu hiyo ni kuyaleta matibabu karibu na mlango wa mwananchi. Katika miaka ya 1980 Tanzania ilijaribu jambo hilo katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, kwa kuyaingiza matibabu ya akili katika zahanati za kawaida. Njia ile ilikuwa ya haki, na inastahili kufikishwa katika kila shehia na kila kijiji.

Tunaziomba wizara za afya za pande zote mbili za Muungano zihakikishe kwamba kila kituo, hata kilicho kidogo kabisa, kina mfanyakazi mmoja anayeweza kufanya yale tuliyofanyiwa Mkomaindo. Kipimo cha mapigo, kipimo cha shindikizo la damu, kipimo cha malaria, kipimo cha sukari, kiti kimoja na dakika ishirini za uvumilivu. Mgonjwa asiambiwe kwamba hana maradhi kwa sababu tu vipimo vimekuwa safi. Vipimo vikiwa safi ndipo kazi ya kueleza inapoanza.

Tunawaomba masheha, walimu wa skuli na wa vyuo vya Kurani, na maimamu wetu, walizungumze jinamizi mchana kweupe, katika miezi ya utulivu, kabla ya uvumi kuzuka. Uvumi ukizuka, kiongozi asikae kimya akidhani kwamba kimya ni busara, wala asidhihaki, kwani anayedhihakiwa hatasikiliza. Aende walipo watu, azisikilize habari zao, alete mtu wa afya aeleze. Polisi nao wawe na mpango wa kuwalinda wapita njia, wageni na wagonjwa wa akili, ambao ndio wanaonyooshewa kidole mwanzo.

Sisi bado huzinduka, mara moja au mbili kwa mwaka. Tunawasha taa, tunakaa kitako, tunahesabu nne na sita kama tulivyohesabiwa na mama yule wa Newala, kisha tunalala. Hatukupewa hirizi wala hatukutozwa kitu kikubwa. Tulielezwa tu, na mtu aliyekuwa na elimu na aliyekubali kuvuta kiti. Tunadai kila mwananchi, wa kisiwani na wa bara, aelezwe vivyo hivyo.